Kiwavi wa Mlimau: Tafakuri juu ya Vitabu vya Kikristo vya Watoto Kuhusu Wanyama

Mwaka jana mwanafunzi mmoja wa uzamili aliniletea mswada wa kitabu cha watoto alichokuwa amekiandika kwa ajili ya madarasa ya Shule ya Jumapili. Kitabu kilihusu wanyama wa Kenya. Kila ukurasa ulikuwa na picha ya mnyama mmoja, maelezo mafupi ya maisha yake, na chini kabisa, ndani ya kisanduku, funzo. Lengo lilikuwa kwamba mtoto amtambue Muumba kupitia kiumbe. Mwanafunzi huyu hakuniomba uhakiki. Aliniomba nimsahihishie upatanisho wa kisarufi, kwa maana, kama ijulikanavyo na kila aliyewahi kufundisha ngeli, majina kama kifaru, kiboko na kipepeo huwakanganya hata wajuzi. Kazi hiyo niliifanya kwa jioni mbili. Kisha mswada ulikaa mezani pangu majuma matatu bila mimi kuweza kuurudisha. Insha hii ni jaribio la kueleza kilichonizuia.

Sisi wahakiki tumezoea kuvipita vitabu vya aina hii bila kuvitazama. Fasihi ya watoto yenyewe ina nafasi finyu katika mitalaa yetu. Fasihi ya watoto ya kidini haina nafasi kabisa, kwani huhesabiwa kuwa ni mahubiri yaliyovikwa manyoya na mabawa. Hata hivyo, kwa wengi wa kizazi changu picha ya kwanza ya ndege au mdudu tuliyoiona ikiwa imechapwa kitabuni ilitoka kanisani. Kabla ya Darasa la Kwanza tulikuwa tumekwisha kufundishwa namna ya kumtazama chungu, shomoro na kondoo. Fasihi inayomtangulia mwalimu wa sayansi na mwalimu wa lugha kwa pamoja haistahili kupuuzwa.

Nililelewa katika milima ya Taita. Mwaka 1974, nikiwa na umri wa miaka minane, surua ilimchukua dada yangu mdogo aliyekuwa na miaka minne. Jumapili ya pili baada ya mazishi, mwalimu wetu wa Shule ya Jumapili alitusimulia hadithi ya kiwavi. Hakushika kitabu. Alisema palikuwa na kipepeo aliyekuwa akifa, akamwomba kiwavi mmoja amlelee mayai yake. Kiwavi, kwa kuwa hakujua vipepeo wachanga hula nini, alimwendea ndege arukaye juu sana ili amwulizie huko mbinguni. Ndege aliporudi alimpa habari mbili ambazo kiwavi alizikataa kama mzaha: kwamba mayai yale yangetoa viwavi kama yeye, na kwamba yeye mwenyewe siku moja angekuwa kipepeo. Mayai yakaanguliwa, wakatoka viwavi. Kiwavi alipoona la kwanza limekuwa kweli, aliliamini na la pili, na alipojifunga katika kifukofuko chake jamaa zake walidhani amerukwa na akili. Mwalimu alipomaliza alinitazama mimi. Hakuhitaji kutaja jina la mtu.

Nyuma ya jikoni la nyanya yangu palikuwa na mlimau. Kila aliyekulia karibu na milimau au michungwa anawajua viwavi wake: wakiwa wachanga hufanana na kinyesi cha ndege, wakikua hugeuka kijani, na ukimgusa mmoja hutoa nyuma ya kichwa chake pembe mbili laini za rangi ya machungwa zenye harufu kali. Nilimchukua mmoja nikamtia katika mkebe wa Kimbo uliotobolewa matundu kwa msumari. Nilimlisha majani. Nilimwombea asubuhi na jioni. Alipojining'iniza kwenye kijiti na kuwa kifukofuko, nilikuwa na yakini ambayo sijapata kuwa nayo tena juu ya jambo lolote.

Siku ya kumi na tatu nilikuta kijitundu ubavuni mwa kifukofuko, na ndani ya mkebe nyigu wadogo mno, weusi, wasiozidi ukubwa wa mbegu ya ufuta, wakitambaa kwa wingi. Kifukofuko kilikuwa ganda tupu. Niliupeleka mkebe kwa mwalimu. Aliniuliza iwapo nilikuwa nimesali kila siku bila kukosa. Nilikiri kwamba siku mbili nilipitiwa na usingizi. Alitikisa kichwa, kwa huruma naamini, na kwa muda ambao sitaki kuuhesabu nilijua ni nani aliyeharibu mambo.

Nyanya alikuwa na tafsiri nyingine. Aliumwaga mkebe uani, akausuuza kwa maji ya moto kwa sababu alikuwa anauhitaji, kisha akaniambia kwa Kidawida maneno ambayo kwa Kiswahili ni haya: "Mjukuu wangu, huyu hakuwa dada yako. Huyu alikuwa mdudu wa mlimau." Wakati ule niliyaona kuwa maneno ya ukatili.

Nilikutana tena na kiwavi wa mwalimu wetu miaka mingi baadaye, maktabani, nikiwa mwanafunzi wa uzamili. Alikuwa ndani ya *Parables from Nature*, kazi ya Mwingereza Margaret Gatty (1809–1873) iliyotoka kwa mafungu kati ya mwaka 1855 na 1871. Ndiye anayefungua fungu la kwanza kabisa. Ndege katika hadithi hiyo ni kipozamataza, na mmea ni kabeji. Mengine yote yalikuwa kama nilivyoyasikia. Hadithi ilikuwa imesafiri kutoka nyumba ya kasisi katika kijiji cha Ecclesfield, karibu na Sheffield, hadi milimani Taita, na njiani ikapoteza jina la mwandishi wake, kama ngano zote zinavyosafiri.

Sipendi kumdhihaki Gatty, ingawa ni rahisi. Alikuwa mke wa kasisi, mama wa watoto wengi, na mchunguzi hodari wa mimea ya baharini. Kitabu chake juu ya mwani wa Uingereza kilichotoka mwaka 1863 ni kazi ya mtu aliyelowesha miguu yake kweli. Alijua kutazama. Kwa sababu hiyo kile anachokiacha nje ya hadithi kina uzito kuliko kama angekuwa mhubiri asiyetoka nje ya nyumba. Kiwavi wa kabeji, huko Uingereza, ni mmoja wa viumbe waandamwao sana na nyigu. Nyigu hutaga mayai ndani ya mwili wake. Mabuu humla polepole kutoka ndani huku yeye akiendelea kula kabeji, na mwishowe hutoka nje na kujifuma vifuko vya manjano kando ya mwili wake. Jambo hili halikuwa siri. William Kirby na William Spence walikuwa wamekwisha kulieleza katika kitabu chao kikubwa cha elimu ya wadudu, kilichochapishwa kati ya mwaka 1815 na 1826, na Kirby mwenyewe alikuwa kasisi. Mwaka 1860, katika barua kwa Asa Gray, Charles Darwin aliwataja nyigu wa jamii hiyo kuwa sababu mojawapo iliyomfanya ashindwe kusadiki kwamba Mungu mwema na mwenye uwezo wote aliwaumba kwa makusudi. Katika bustani ya Gatty nyigu hawamo. Kila kiwavi mwenye imani hupata mabawa.

Mtu atauliza: je, si hadithi tu? Tunamdai Sungura ukweli wa kisayansi? Swali hili ni la haki, na naona ndilo kiini cha jambo lote.

Sungura wa ngano zetu ni kinyago. Hakuna mtoto, wala wa Lamu wala wa Kitui, aliyewahi kwenda porini kuhakikisha kama sungura kweli humhadaa simba kisimani. Tashihisi imekamilika kiasi kwamba mnyama amebaki jina na masikio tu. Aliyemo ndani ni mtu, na msikilizaji anajua. Hali ni hiyohiyo katika hurafa za Kikristo zinazojitambua kuwa hurafa. Daktari Mwaustralia Paul White, aliyefanya kazi katika hospitali ya misheni huko Mvumi, Ugogoni, tangu mwaka 1938 hadi 1941, alitoa mwaka 1955 kitabu chake *Jungle Doctor's Fables*, na baadaye akaongeza vingine vya namna hiyo. Mna kima anayezama topeni akajaribu kujiokoa kwa kuzivuta ndevu zake mwenyewe. Ana haki ya kutumia kima apendavyo, kwa maana hamwambii mtoto akamtazame kima. Anamwambia ajitazame yeye mwenyewe. (Kwamba masimulizi ya motoni ya Wagogo yamegeuzwa kuwa mimbari ni suala jingine, na lina uzito wake, wenzangu wa fasihi simulizi wamelizungumza zaidi ya niwezavyo mimi.)

Kitabu cha maumbile hudai kitu kingine. Kinamwambia mtoto: nenda ukatazame, utaona kwamba ndivyo. Kipepeo wa Gatty si kinyago, kwa kuwa ni kweli kiwavi hugeuka kipepeo, na nguvu yote ya hadithi imo katika ukweli huo. Ukiuondoa, hakuna faraja. Mwandishi ameazima mamlaka ya bustani. Basi mtoto akienda bustanini na kukuta nyigu, kitabu hakiwezi tena kujitetea kwamba kilikuwa fumbo. Kitabu kilichomtuma mtoto kumtazama mnyama kina deni la kumwonyesha mnyama mzima. Kisipolilipa, deni hilo humwangukia mtoto, naye hulilipa kwa kujilaumu. Nimeeleza namna nilivyolilipa mimi.

Wala kasoro hii si ya huzuni peke yake. Inaweza kuwa ya siasa. Katika fungu lilelile Gatty ana hadithi ya nyuki vibarua wanaoasi baada ya mmoja wao kusikia kwamba malkia hana asili tofauti na wao, ila amelishwa na kulelewa tofauti. Wanatoka mzingani wakatafute usawa, na mwishowe wanafundishwa kwamba bila mamlaka na utii hakuna maisha. Angalia ujanja wa jambo hili. Ukweli wa kisayansi, ambao mwandishi anaujua barabara, umetajwa ili ukanwe. Nyuki vibarua halisi hujenga wenyewe chumba cha malkia, huchagua mabuu wa kulishwa chakula cha kimalkia, na malkia wao akichoka humwondoa na kumweka mwingine. Mzinga uliotazamwa kikamilifu ungeweza kuwapa watoto wa miaka ya 1850 mawazo ya kuwakosesha wazazi wao usingizi. Mzinga uliotazamwa nusu uliwapa utii. Sisi tuliosomea katika shule zilizoanzishwa na misheni hatuhitaji kuelezwa ni nusu ipi iliyosafirishwa kuja kwetu.

Ningeweza kuishia hapo na kusema, kama wasemavyo baadhi ya wenzangu, kwamba kasoro ni dini yenyewe. Kwamba mara tu imani inapomgusa mnyama, mnyama hutoweka. Nilisema hivyo katika semina kwa miaka mingi. Sisemi tena, na aliyenibadilisha mawazo ni Ayubu.

Katika sura ya 38 hadi ya 41 za kitabu chake Mungu anamjibu mtu aliyefiwa na watoto wake wote. Anamjibu kwa wanyama. Jambo la kustaajabisha kwa msomaji wa vitabu vya watoto ni wanyama gani wanaochaguliwa, na kwa namna gani. Simba amejibanza akivizia. Makinda ya kunguru wanalia kwa njaa. Punda mwitu anaucheka mji na kelele za msimamizi. Mbuni anayaacha mayai yake mchangani pasipo kujali kama yatakanyagwa. Makinda ya tai wananyonya damu, na penye maiti ndipo tai alipo. Hakuna kisanduku cha funzo chini ya ukurasa. Ayubu haambiwi kwamba punda mwitu anamfundisha bidii. Anaonyeshwa tu, mnyama baada ya mnyama, na wengi wao hawana manufaa yoyote kwake. Zaburi ya 104 hufanya jambo lilo karibu na hilo: wanasimba wanaonguruma usiku wanasemwa kuwa wanaomba chakula kwa Mungu, na chakula chao tunakijua ni nini. Na yule shomoro wa Injili ya Mathayo, ambaye vitabu vya watoto humchora akiwa tawini, katika sura ya 10 anaanguka chini. Asemavyo Yesu ni kwamba haanguki pasipo Baba kujua. Hakuahidi kwamba haanguki.

(Kuhusu mbuni, shairi limemwonea kidogo. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Brian Bertram alichunguza mbuni wa Tsavo Magharibi, mbele kabisa ya milima yetu, akakuta kwamba majike kadhaa hutaga katika kiota kimoja, lakini jike mkuu na dume ndio wanaoatamia, dume akikaa usiku. Na jike huyo huyatambua mayai yake na kuyasukuma ya wenzake pembeni. Ni habari ya kushangaza kuliko uzembe, na pia kuliko upendo wa mama.)

Kwa hiyo ukali wa maumbile haukuingizwa kwa nguvu na Darwin ndani ya dini iliyokuwa na bustani safi. Maandiko yalikuwa nao tangu hapo. Waandishi wa watoto ndio waliouondoa, kwa nia njema, na kwa kuuondoa wakamwacha mtoto aliyefiwa akiwa na kitabu chembamba kuliko msiba wake. Fasihi hii ingeweza kuhakikiwa kwa kipimo chake yenyewe, na ingeonekana haina ujasiri wa maandiko inayodai kuyatumikia.

Sasa nirudi kwa mswada. Ulikuwa na kurasa arobaini na mbili, na katika kurasa zote hizo hapakuwa na mnyama aliyekufa wala aliyeliwa. Simba alikuwa amelala. Chui alikuwa juu ya mti, akitabasamu. Fisi alipewa kazi ya kufagia, akionywa asiwe mchoyo, jambo lililonionyesha kwamba ngano zetu na Shule ya Jumapili zinaweza kushirikiana katika kumsingizia kiumbe. Hans Kruuk alikwisha kuonyesha, katika kitabu chake cha mwaka 1972 kuhusu fisi madoa wa Serengeti na Ngorongoro, kwamba fisi hujiwindia sehemu kubwa ya chakula chake, na kwamba mara nyingi simba ndiye anayemnyang'anya. Nyigu hakuwemo. Kipepeo alikuwa ukurasa wa mwisho, na sina haja ya kueleza funzo lake lilikuwa lipi.

Nilipomwita mwanafunzi wangu na kumweleza haya, alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema: "Mwalimu, katika darasa langu la Jumapili wamo watoto watatu waliofiwa na wazazi. Nikiwapa simba anayemla swala, nimewapa nini?"

Nilimwambia kuhusu mkebe wa Kimbo. Sikuwahi kumsimulia mtu yeyote chuoni. Nilimwambia kwamba watoto wake watatu tayari wanajua swala huliwa, na kwamba kitabu kisichojua wanachokijua hao kitawafanya wadhani wao peke yao ndio walioachwa nje ya uumbaji. Hakukubali. Alisema mimi nilihitaji kitabu kimoja, na huenda watoto wake wanahitaji kingine. Kwamba faraja ya uongo na faraja ya mapema si kitu kimoja. Hoja hii ya pili sina jibu lake la kuridhisha, na naiweka hapa kwa wasomaji wenye jibu.

Tulikubaliana juu ya jambo dogo. Nilimweleza kwamba mwaka 2002 wanasayansi wa ICIPE waliachilia huko Werugha, katika milima yetu ya Taita, nyigu mdogo aitwaye *Diadegma semiclausum*, aliyeletwa kutoka Taiwan. Nyigu huyo hutaga ndani ya viwavi wa nondo wanaoharibu kabeji na sukuma wiki, na wakulima wa huko walipata nafuu bila kunyunyiza dawa nyingi. Nyigu wa Werugha ni mwingine kabisa na wale wa mkebe wangu, lakini riziki yao ni ya namna moja. Kwa mtoto wa mkulima wa kabeji nyigu ni jibu la sala. Kwa mtoto mwenye mkebe ni mwisho wa sala. Nilimwomba aandike ukurasa juu ya nyigu huyo, bila kuchagua upande, na aache kisanduku cha chini wazi. Akasema atajaribu, ila kisanduku hakuahidi.

Hapa ndipo nilipokumbuka tena maneno ya nyanya, na nadhani sasa nayaelewa. Hakuwa akinikatili. Alikuwa akimwondolea dada yangu mzigo wa kiwavi, na kumwondolea kiwavi mzigo wa dada yangu, ili kila mmoja afe kifo chake. Na bado hakusema "hiki kilikuwa". Kidawida, kama Kiswahili, kina ngeli ya viumbe hai, na Kiswahili chetu sanifu humpa mdudu upatanisho uleule kinaompa mtu, hata jina lake linapoanza kwa *ki-*. Twasema kiwavi huyu, kiwavi wangu, kiwavi alikula. Lugha hii haimhitaji kiwavi awe mfano wa binadamu ndipo imhesabu miongoni mwa walio hai. Nimefundisha kanuni hiyo kwa zaidi ya miaka ishirini kama jambo la sarufi tu.

Ukurasa wa nyigu uliletwa ofisini kwangu juma lililopita. Una sentensi tisa, na kisanduku kina neno moja lililofutwa kwa kalamu. Upatanisho wake ni sahihi kote, isipokuwa katika sentensi ya saba, ambapo mwanafunzi ameandika kwamba kiwavi "kilikufa". Nimekata, nikaandika juu yake: alikufa.